Mkono wa Bi Zuleha Kwenye Picha

Bi Zuleha alikuwa hataki moshi. Hata wa udi. Siku moja msichana alipanda basi lake ametoka kufukizwa, ananukia mpaka kwenye kucha, na Bi Zuleha akafungua madirisha yote kutoka mji wetu wa Samail mpaka Nizwa, na ilikuwa wakati wa baridi. Wasichana wakatetemeka ndani ya mabuibui yao.

"Tetemekeni," akawaambia. "Moshi ushanichukulia mume, sina mwengine wa kuupa."

Mumewe, Othman, alikuwa mtu wa Sur. Alikuwa akivuta sigara garini, vioo vimepandishwa ili baridi ya kiyoyozi isitoke, na mkewe yuko pembeni anakohoa. Alipokufa kwa maradhi ya mapafu, Bi Zuleha alirudi Samail kwa kaka yake, akauza bangili zake, akanunua basi dogo la kuwapeleka wasichana chuo kikuu Nizwa na kuwarudisha. Ndugu walinuna. Mwanamke wa Kizanzibari, mtoto wa watu, awe dereva? Sisi mama tulifurahi. Mimi naiogopa barabara tangu zamani. Hiba wangu akitoka mlangoni nashika simu mpaka aniandikie kuwa kafika. Alipokuwa akienda na Bi Zuleha niliweza hata kukanda unga nikaisahau simu. Mkanda usipofungwa, basi haliondoki. Na mikono yake yote miwili iko juu ya usukani kama mtu aliyepakata mtoto mchanga.

Asubuhi ile, kabla ya kufika Izki, Alyaa alikuwa amekaa kiti cha mbele kwa sababu safari humtapisha. Alyaa si jina lake la kweli. Akatoa mkobani sigara ya umeme, hizi vijana wanazoziita vepu, akainama akavuta, akidhani mvuke wake utakuwa mdogo. Haukuwa mdogo. Bi Zuleha akanyoosha mkono akampokonya. Wakati huohuo gari likawapita upande wa kushoto, na ndani yake yumo baba wa msichana mwengine, simu mkononi. Akapiga picha.

Adhuhuri haijaingia, picha ishafika kwenye kundi letu la wasapu. Nimeitazama mara nyingi. Bi Zuleha ana mkono mmoja kwenye usukani, mwengine umeshika kile kidude karibu na kidevu, na uso wake umo ndani ya wingu jeupe. Alyaa haonekani. Kwa aibu alikuwa amejikunja chini kabisa.

Kundi likawaka. Kuwa vitu hivyo ni marufuku kuuzwa hapa kwetu tulikuwa tunajua. Lakini kuvuta huku unaendesha? Kila baba alikuwa na sheria yake. Mmoja akasema ni jela, mmoja akasema ni faini, mmoja akasema hakuna kitu kama hicho, mradi usishike simu.

"Mke wa mvutaji," akaandika Shukriya, jirani yangu, "mwisho naye huvuta."

Mtu akaipeleka picha polisi. Askari, kijana mwenye adabu, alimwambia Bi Zuleha kuwa yeye habishani juu ya moshi. Mkono umetoka kwenye usukani na macho yametoka barabarani, hilo linamtosha. Akamwandikia faini. Hakumuuliza kidude ni cha nani, naye hakumwambia.

Hiba alinieleza yote, huku analia. Nikavaa buibui langu nikaenda kwa Bi Zuleha. Nilimkuta anasugua viti vya basi kwa sabuni.

"Shikamoo, Bi Zuleha."

"Marahaba, Mama Hiba. Umekuja kuninusa?"

"Nimekuja kukwambia kuwa najua. Hiba alikuwa nyuma yenu, kaona."

Akaacha kusugua. "Hiba hakuona kitu."

"Wallahi watawatoa watoto wao kwako. Sema neno moja tu."

"Nikamwambie nani? Baba yake Alyaa? Yule atamtoa chuoni siku hiyohiyo, na wakwe watavunja posa. Mtoto mwenyewe hana mama. Mimi nina posa gani ya kuvunjika? Nani anayenitaka, hata bila ya moshi?" Akacheka. Mimi sikuweza.

"Na riziki yako?"

"Iko kwa Mungu. We niapie hutosema mpaka mtoto yule aolewe."

Nikaapa. Ningefanyaje?

Mama wa wasichana walimwita Bi Zuleha nyumbani kwa Shukriya. Alikuja amevaa vizuri, akakaa pale alipoelekezwa.

"Haya, tueleze," Shukriya akasema.

"Picha mmeiona."

"Kile kitu ni chako?"

"Kilikuwa mkononi mwangu."

Hakusema uongo hata mmoja. Kahawa ilizunguka, na ilipofika kwake yule aliyekuwa akimimina akamruka.

Wa mwanzo kumtoa binti yake alikuwa baba yake Alyaa. Wengine wakafuata. Mimi nilimwacha Hiba palepale, mpaka Bi Zuleha mwenyewe akanipigia simu. "Mama Hiba, siwezi kumwendesha mmoja kama binti wa mfalme. Petroli hainunuliwi kwa dua." Basi akaliuza. Sasa anakaa chumba cha uani kwa kaka yake, na wake za jamaa wakimtembelea wanakaa karibu na mlango.

Hiba siku hizi anakwenda na basi la bwana mmoja aitwaye Hazim.

"Anavuta?" nilimuuliza.

"Havuti, mama. Anaendesha kwa mkono mmoja, mwengine anachati."

Niliandika hayo kwenye kundi. Nikajibiwa: bora huyo, hana moshi. Nimerudi kushika simu yangu kila asubuhi.

Alyaa aliolewa baada ya Idi. Nilipoinama kumpa mkono wa heri, hakuniachia.

"Khala Zuleha kaja?"

"Hakualikwa, mwanangu."

"Baba kakataa?"

"Baba yako kasema hataki mwanamke mvutaji kwenye arusi ya binti yake."

Alyaa akafungua mdomo. Mama mkwe wake akaja kumweka sawa shela, akamwambia amependeza, na yeye akaufunga.