Mabomba Yasiyovuja

Ndigana, ile homa ya kupe, ilipotumalizia ng'ombe kule Endulen, na kulima ndani ya hifadhi tumekatazwa, ofisi ya kijiji ilituandikisha watu tisa tuliobaki mikono mitupu twende Karatu kusomea ufundi bomba. Mimi nilikuwa morani niliyeishia darasa la tatu. Jirani yangu wa benchi alikuwa mama mjane, rika la mama yangu, mwenye Kiswahili cha mnadani tu.

Mwalimu wetu, fundi mpole kutoka Kilimanjaro, alikuwa na vifaa vyote isipokuwa maji. Yalikatika wiki ya kwanza, na fundi wa kuyarudisha alikuwa likizo. Basi tukajifunzia kwenye mabomba makavu. Mwalimu akisema maji yanapita, sisi tunaitikia kwamba yanapita. Siku moja yule mama aliuliza kwa Kimaasai, nami nikatafsiri, kama maji hayo tuyaone au tuyaamini.

"Kwa sasa," mwalimu akasema, "tuyaamini."

Baada ya miezi sita akaja mkaguzi kutoka Arusha. Alipitisha kiganja chini ya kila bomba, akaandika kwamba hakuna hata moja linalovuja. Tukafaulu wote tisa. Mwalimu aliinama akatazama viatu vyake.

Hoteli moja ukingoni mwa kreta ikatuajiri mimi na yule mama. Siku ya kwanza tulipelekwa jikoni kutengeneza bomba lililokuwa likidondosha. Nikalifungua kama nilivyofundishwa. Maji yakanipiga usoni kwa nguvu, nami nikakimbia hadi uwanjani, mbele ya wazungu waliokuwa wakinywa chai.

Mama hakukimbia. Alivua shuka la juu, akaliziba bomba, akaliegemea kwa mgongo huku akimuuliza mpishi maji yanatokea wapi. Mpishi akamwonyesha koki kubwa nyuma ya stoo, naye akaenda kuifunga.

Niliporudi alikuwa amelowa chapachapa.

"Mbona mwalimu hakutuambia kwamba yanasukuma?" akaniuliza.

Meneja alimkabidhi yeye spana, mimi akanipa ndoo na tambara.

Nilimbebea sanduku la vifaa miaka mitatu. Mwanzoni niliona aibu, baadaye nikazoea, kisha nikaanza kujivuna. Alikuwa akiweka sikio ukutani na kuniambia palipoziba, na hakukosea.

Nilipopata mitamba ya kuanzia upya ufugaji, nilikwenda kumuaga. Alikuwa amelala chali chini ya sinki. Akaniombea heri, kisha akaniomba nimsogezee taa kabla sijaondoka.