Usimsubiri Mjomba Ashuke Dunguni

Nakumbuka vizuri siku ile, Zuhura mwanangu, maana hasira yake haijaniisha. Nilikuwa uani kwetu Kibiti, namnyonyesha mdogo wako Salma, barua mkononi. Nimekubaliwa kwenda kusomea utaalamu wa dawa ya usingizi. Nesi wa diploma, mtoto mchanga, na bado wamenichukua. Niliisoma ile barua mpaka ikalainika kama kitambaa.

Dada yangu, mama yako, kaniambia na wewe, nesi mwenzangu, umepata nafasi ya kubobea, ila unasubiri ruhusa ya mjomba wetu. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu ningefoka.

Desturi yetu unaijua. Wakati wa vita vya Maji Maji, kaka zake bibi mzaa bibi waliondoka alfajiri kule vilima vya Umatumbi bila kumuaga mtu, wamepakwa dawa, wameambiwa risasi zitageuka maji. Hawakurudi. Dada yao akahamia huku bondeni, akazeeka anaitazama njia ya kusini. Tangu hapo kwetu hasafiri mtu mpaka mjomba amshike mkono na kumsomea dua. Kwa simu haikubaliki.

Na mjomba alikuwa shambani kwake kijiji cha Mkongo, juu ya dungu, kile kibanda cha miti, analinda mpunga wake na ndege. Baba Salma akaniambia, "Panda bodaboda ukamwone."

Nikamjibu, "Mtu akiwa dunguni hapelekewi habari za safari. Nuksi."

"Nuksi kwako au kwa ndege?"

Nikanuna. Nikasubiri. Ujinga mtupu, mwanangu.

Mjomba alishuka baada ya mavuno. Nikampa barua, akaigeuzageuza.

"Inasemaje?"

"Ilisema niripoti mwezi uliopita."

Akanirudishia, akasema, "Barua siwezi kuisoma, huo usingizi wenyewe siujui, halafu unanisubiri mimi? Nilikuwa nafukuza ndege, Mwajuma. Ndege."

"Si desturi, mjomba?"

"Bibi yenu alilia kwa kutoagwa. Ruhusa hakuililia."

Nafasi yangu ilishakwenda kwa mwingine. Niliomba tena mwaka uliofuata, sikuchaguliwa. Kituo nilichokuwa nafanya kazi kilikuwa na chumba cha upasuaji, taa zake, kitanda chake, na hakuna wa kumlaza mgonjwa usingizi. Basi nikawa wa kusindikiza wagonjwa hospitali ya mbali. Nimeshika chupa ya dripu kwenye gari la wagonjwa, mama wa watu kutoka Dimani, yuko kwenye uchungu wa kujifungua, kaning'ang'ania kanga, kila kidogo ananiuliza tumefika wapi. Alirudi mikono mitupu. Sisemi ningemwokoa mtoto wake. Nasema ningekuwa mle chumbani. Hata sasa nikiupita mlango wa chumba kile napunguza mwendo, kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Sasa sikiliza. Ukunga, watoto wachanga, usingizi, afya ya jamii, chagua mwenyewe, digrii unayo. Ila kabla hujasaini, uliza ukimaliza utarudi wodini au utakaa ofisini, maana kozi nyingine zina jina kubwa na mgonjwa humgusi tena. Uliza kama baraza la taaluma yako linaitambua. Uliza mwajiri atakushikia nafasi yako au la. Watafute waliotangulia, wakwambie kilichowashinda. Usikubali neno la mtu kwa sababu kalisema kwa sauti nzito. Wale kaka walikubali.

Halafu nenda uage. Mjomba yuko Mkongo sasa hivi, dunguni. Mfuate kesho, upande ngazi, umpe mkono, ushuke uende. Akiwa amelala, muage hivyo hivyo alivyolala. Mtoto wako niachie, Salma keshakua, watacheza.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, akupe walimu wenye subira na mikono isiyotetemeka. Ukirudi, upite mlango ule bila kupunguza mwendo. Mimi nitakuwa nje, nimekushikia mkoba.