Jiwe la Mavi Lililoniozesha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Masanja alipokuja kwetu Kisesa kuniposa, mkononi kashika jiwe. Alikuwa ametoka Lindi, Wazungu walikokuwa wakichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, hawa ambao wajukuu wangu wanawaita dinosaria. Mimi nilikuwa nje ya mlango napepeta mtama, ila masikio yote yalikuwa ndani. Nilimtaka yule kijana, nisikufiche.

Baba akauliza ni jiwe la nini. Masanja akajibu bila kupepesa macho kwamba ni mavi ya mnyama wa huko, yamegeuka jiwe.

Kaka yangu akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, wenzako wanarudi na baiskeli, wewe umetuletea mavi?"

Baba mdogo akainuka kutafuta fimbo yake aende zake. Nikaona posa yangu inakufa.

Lakini baba, hapa nieleze kidogo, alikuwa mtu wa ng'ombe. Kila asubuhi zizini alivunja mavi kwa kijiti, akajua jana wachungaji walilisha wapi. Kumdanganya ilikuwa kazi bure. Basi akalichukua lile jiwe, lilikuwa limepasuliwa katikati, akalileta mlangoni penye mwanga, karibu yangu kabisa. Nami nikaona: vipande vya mti vilivyotafunwa, na kati yake kikonokono kidogo kama punje ya mtama wangu.

"Huyu alikula miti iliyoangukia majini," baba akasema taratibu. "Konokono kama huyu namwona ziwani, ng'ombe wanapokunywa. Huko Lindi mlichimba kando ya ziwa?"

"Hapana, mzee. Ni pakavu. Maji tuliyabeba kichwani kutoka mbali."

"Basi palikuwa na maji." Akaligeuza tena na tena. "Mnyama kafa, maji yamekauka, na chakula chake bado nakiona."

Sijapata kumwona baba akishangaa vile. Akamwambia kaka alete kiti.

"Kaa, mwanangu," akamwambia Masanja. "Tuzungumze habari za ng'ombe."

Nawe mwanangu, kitu kikichekwa na wote, kipasue kwanza utazame ndani. Na ukitafuta wa kuishi naye, mtafute anayetazama hata mavi kwa heshima. Nimezeeka na mtu wa namna hiyo, na hakunidharau hata siku moja. Mungu akupe macho ya baba yangu, na mlangoni kwako amlete mtu mwenye jiwe lake mkononi.