Mguu wa Afande wa Kizuizini

Mimi sisamehi upesi, na sijawahi kumdanganya mtu juu ya hilo. Afande aliyempiga mama yangu kofi kwenye kizuizi cha barabara, pale karibu na Buluk, mjini Juba, nilimweka moyoni tangu siku ile. Mama alikuwa anarudi na kapu la mboga. Akaulizwa kwa Kiarabu anatoka wapi, naye akajibu kwa lugha iliyomjia haraka: "Mimi iko natoka soko, baba." Paa! Mama yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, chini mavumbini na mboga zake.

"Lugha ya wakimbizi hiyo!" afande akafoka kwa Kiarabu. "Sisi tulibaki msituni tunakufa, nyinyi mko Uganda mnakula posho!" Askari wake wakacheka. Na mimi niliyekuwa nyuma ya mama hatua tatu, nilifanya nini? Niliokota mboga. Wakati wa vita mdomo ulikuwa unaua.

Tangu siku hiyo mama hakufungua kinywa nje ya nyumba. Sokoni alinyoosha kidole tu, kama bubu. Hilo liliniuma kuliko kofi lenyewe.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kliniki ndogo ya mtaa wa Hai Cinema. Huduma ya kwanza nilijifunza kambini, huko huko Uganda. Asubuhi moja askari wanne wakaingia mbio wamebeba mtu juu ya ubao. Walikuwa bandarini wakishusha mapipa ya mafuta kutoka kwenye tishari, pipa moja likaponyoka na kumwangukia kwenye muundi. Nikainama nimtazame usoni. Ala! Ni yeye. Wala hakunikumbuka. Watu wa namna yake hawakumbuki.

Nasema kweli, nilifurahi. Nikamshukuru Mungu, nikaona haya kidogo, halafu nikafurahi tena.

Nikakata suruali, nikalegeza kamba za buti na kulivua. Mfupa ulikuwa umevunjika bila kutoboa ngozi, na mguu umepinda mahali ambapo mguu wa binadamu haupindi. Vidole baridi. Nikapapasa mapigo ya damu juu ya mguu, sikuyapata. Mguu kama huo unanyooshwa kwanza, taratibu, ndipo unafungwa gango, la sivyo unakufa. Na ukiukaza mno wakati wa kufunga, unakufa vilevile, na hakuna atakayejua ni mkono wa nani. Wazo hilo lilinijia, sifichi. Bendeji ilikuwa mkononi mwangu, na mama yangu yuko nyumbani amefanywa bubu.

"Mshikeni goti," niliwaambia askari kwa Kiarabu. Nikashika kisigino, nikavuta.

"Woi, mama yangu! Sista, pole pole! Mguu yangu inakufa! Mimi iko nakufa!"

Askari wakatazamana. Kiswahili, jamani! Tena si cha mtu aliyeokoteza maneno mawili ya biashara. Kile kile cha kambini, cha foleni ya posho. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na urefu wa muundi.

Basi hamu ya kukaza bendeji ikaniisha. Mguu ukifa angepelekwa mbali, uongo wake ukaenda naye, na mimi nilimtaka arudi palepale kizuizini, kwa miguu yake miwili. Nikatandika vitambaa, nikaweka mbao mbili kutoka juu ya goti mpaka kupita kisigino, nikafunga juu na chini ya palipovunjika, vizuri kama ninavyomfunga mwanangu. Mapigo yakarudi, hafifu. Kisha mgonjwa lazima aulizwe kama anahisi vidole.

"Afande, hapa unasikia?" nikauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuhubiria.

Akajibu kwa Kiarabu.

"Sielewi. Unasikia au husikii? Mguu ni wako."

Akawatazama askari wake, akautazama mguu. "Nasikia, sista."

"Na hiki?"

"Nasikia."

Nilivipitia vyote vitano, kimoja kimoja, bila haraka. "Na posho ya kambi gani ulikula?" Swali hilo hatukufundishwa. Alifumba macho. Askari mmoja akatoka nje, nikamsikia akicheka.

Baada ya miezi kadhaa alirudi kizuizini na fimbo. Nilipita pale kila siku makusudi, ingawa njia ya mkato ilikuwepo. "Habari ya mguu, afande?" Na yeye, mbele ya watu wake: "Iko mzuri, sista." Roho yangu ilikunywa maji baridi.

Mwishowe nikampeleka mama. Afande alipomwona aliwasogeza askari, akainamisha kichwa. "Mama, habari ya leo? Ile siku mimi ilikosea. Naomba..."

Mama akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye fimbo. Hakuwa amesema neno lolote barabarani tangu kofi lile.

"Ana ma arufu kalam de," akasema, kwa Kiarabu safi cha Juba. Yaani: "Maneno haya mimi siyajui."

Akapita.