Ombi la Mama Pini

Cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa fundi huyu wa nguo ni pini. Alizibana midomoni tano au sita kwa mpigo, vichwa vyake vya rangi vikichungulia nje, naye akazungumza hivyo hivyo kwa pembe ya mdomo. Ndiyo maana wateja walimwita Mama Pini, na aliitika bila kinyongo.

Kazini hakutaka maneno ya juu juu. Mteja akisema, "Nishonee tu gauni zuri," alimkata jicho.

"Zuri la urefu gani? Mikono je? Mimi si mtabiri, mama. Sema unachotaka."

Kila Jumatano jioni alifunika cherehani, akaenda kwenye kikundi cha maombi kanisani. Huko aliombea magoti ya mzee wa kanisa na mtihani wa mpwa wa jirani, kila jambo kwa jina lake. Zamu yake ilipofika alisema, "Mimi niombeeni tu familia," akaketi upesi.

Binti yake wa pekee alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma. Mama alimkataa mchumba, na kwa hasira akalifumua gauni la harusi alilokuwa amemshonea, mshono kwa mshono, binti akitazama. Binti aliolewa kwa gauni la kuazima. Tangu hapo zilibaki simu fupi za salamu, na vipande vya kitambaa cheupe ndani ya sanduku, chini ya meza ya kukatia.

Siku moja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuja kubadilishiwa zipu ya sketi yake. Alimkuta amepiga magoti akipanga pindo la sketi iliyovishwa sanamu, pini mdomoni, akinung'unika.

"Unaongea na nani, wifi?"

"Nasali."

"Na mapini yote hayo? Haya, unaomba nini?"

"Mungu anajua."

"Anajua, ndiyo. Lakini mimi ningekuletea sketi yangu hii nikakwambia 'fundi, wewe unajua', ungenitoa mbio."

Mama Pini aliliachia pindo. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Sauti ilitoka nyembamba.

"Baba, namtaka mwanangu. Nilikosea mimi. Nataka aingie kwa mlango huu, asimame hapa, nimpime mabega. Na unipe ujasiri wa kumwambia hivyo yeye mwenyewe."

"Amina," wifi alisema, akamsogezea simu. "Anza na hilo la mwisho."

Hakuthubutu kupiga; aliandika. "Nilikosea kulifumua gauni lako. Njoo nikupime upya."

Jibu lilichukua siku mbili, na katika siku hizo alishona mkono wa kushoto upande wa kulia mara mbili. Kisha likaja: "Jumamosi, mama, nikipata ruhusa kazini."

Wiki nzima akamwombea msimamizi wa binti yake, mtu asiyemjua hata kwa sura: alale vizuri, aamke na moyo laini, asipungukiwe wafanyakazi Jumamosi. Jumatano alimtaja mbele ya kikundi kizima.

Leo ni Jumamosi. Basi la kwanza limepita bila binti kushuka. La pili linafika saa sita. Kitambaa cheupe kimepigwa pasi, kimetandazwa mezani. Futi ya kupimia iko shingoni. Pini zote ziko kwenye kimto, na kila hatua inayosikika nje inamfanya ainue uso kutazama mlangoni.