Springi Ngumu na Njia ya Usoke

Pikapu yetu ilipovutwa kutoka mtaroni kule Itetemia, nilimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Fundi wa Gongoni alinyoosha bodi, akabadili vyuma vilivyopinda, akanirudishia. Lakini kila nilipolegeza usukani gari lilivuta kushoto, na tairi la mbele likawa linaliwa upande wa ndani. Nikarudi kwake pamoja na mke wangu.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mbona mapema? Limeshalala tena mtaroni?"

"Marahaba," mke wangu akaitikia. "Halijalala, ila linautamani."

Fundi akacheka. Alisema magurudumu ni lazima yapimwe na kunyooshwa, lakini kwanza tuchague springi za nyuma, maana za zamani zilikuwa zimechoka. Akipima kabla ya kuzibadili, kimo cha gari kitabadilika na kazi itaanza upya. Alikuwa na springi laini na springi ngumu za mzigo.

Mimi nilitaka laini. Mke wangu anaumwa kiuno tangu zamani, na dada yake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa mgonjwa wa kitandani huko Usoke. Ukiacha lami, njia ya kwenda kwake ni makorongo matupu. Ni kwa ajili ya safari hiyo nilihangaika na gari.

Mke wangu akakataa. Kwetu mwenye gari hana gari. Msiba ukitokea, au kwaya ikialikwa usharika wa mbali, watu hawakuulizi kama utakwenda. Wanakuuliza saa ya kuondoka.

"Funga ngumu, mwanangu," akamwambia fundi. "Tukifunga laini, baba huyu atawaacha akina mama njiani na masufuria yao."

"Na kiuno chako?" nikamuuliza.

"Kiuno changu kina Mungu. Masufuria yana nani?"

Fundi akageukia pembeni asicheke.

Springi ngumu zikafungwa, magurudumu yakapimwa, na gari likaenda moja kwa moja hata ukiachia usukani. Jumamosi tukaenda Usoke, sisi wawili na dumu la asali. Tulipoacha lami, nyuma ya gari ilianza kuruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nilikwenda polepole hata waendesha baiskeli wakatupita, lakini haikusaidia. Mke wangu alishuka amejikunja. Dada yake alipomwona mlangoni akasema, "Karibu. Sasa mgonjwa ni nani hapa?"

Mke wangu hakuweza kwenda tena. Wakawa wanaongea kwa simu, nami nikipita huko ndimi niliyebeba salamu. Niliposema tukabadilishe springi, alinijibu, "Ngoja kwaya irudi kutoka Urambo kwanza." Baada ya kwaya ikaja harusi. Nikangoja. Kungoja ndilo jambo nililowafundisha watu kanisani maisha yangu yote.

Kisha dada yake akafariki.

Siku ya maziko gari lilijaa. Nyuma walikaa akina mama juu ya magunia ya unga na kuni za msibani, masufuria katikati yao. Tulipoacha lami nilipunguza mwendo, nikiusubiri ule mrusho. Haukuja. Springi zililala chini ya mzigo, na gari likapita makorongo taratibu, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani.

"Leo halirushi," mke wangu akasema.

"Limeshiba."

Akageuka kuyatazama magunia nyuma. "Kumbe lilitaka uzito tu. Baba, na ule mchanga wetu uani?"

Mchanga huo ulibaki tulipojenga jiko. Kuku huuogea kila siku. Ningeutia kwenye viroba na kuvipakia nyuma ya gari asubuhi moja, angekwenda kwa dada yake kila alipotaka.

Tulifika Usoke, akashuka mwenyewe, amenyooka, hana maumivu. Namshukuru Mungu hata kwa hilo. Watu wakampisha, akaingia ndani kumwona dada yake.