Kutoka Laeken hadi Haren, Njia ya Waliobatizwa Mara Mbili

Sababu ya kutoka nyumbani Jumamosi ile ilikuwa wageni. Wazee sita kutoka Canada waliliandikia kanisa letu hapa Brussels, sisi tunaosali kwenye ukumbi wa kukodi mtaani Laeken. Walitaka kuona mahali walipotoka babu zao, watu waliokimbia nchi hii kwa ajili ya imani zaidi ya miaka mia nne iliyopita, na waliomba Wakristo wa hapa watembee nao. Papa, ambaye ni katibu wa wazee wa kanisa, alikubali kabla hajamaliza kusoma barua. Akanichagua mimi niandike kila kitu ili ninyi vijana wa Bukavu msome. Sikukataa, kwa sababu mtu anayeandika hasumbuliwi kuongea. Nina miaka kumi na sita, na nikiitwa kusoma Biblia mbele ya watu sauti bado inakwama kooni.

Kuna jambo lazima mlijue kwanza, maana bila hilo safari yetu haieleweki. Tonton Dédé, mdogo wake Papa, alibatizwa akiwa mtoto mchanga kama sisi sote. Mwaka juzi yeye na familia chache wakasema ubatizo ule si kitu, wakabatizwa tena wakiwa watu wazima, kwenye bwawa la kuogelea walilokodi kwa saa moja. Wazee wakawatenga. Barua aliiandika Papa mwenyewe: mtu wa namna hiyo, tusile naye meza moja. Lakini Tonton ni damu yake, hawezi kumfungia mlango. Kwa hiyo akija kwetu anakula jikoni, kwenye kijimeza cheupe cha plastiki tunachokitoa balkoni. Jumanne alikuwa anahamia Canada na mke na watoto, huko huko walikotoka wageni, na Jumamosi jioni angekuja peke yake kutuaga. Wiki nzima Maman alikuwa akimwuliza Papa, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "Papa Noëlla, utakula naye ama hapana?" Papa alikuwa akigeuza ukurasa wa gazeti.

Saa mbili asubuhi, Laeken. Maman alikuwa amekaanga beignets, maandazi ya huku, tangu alfajiri, nyumba nzima inanukia mafuta. Alinipa mfuko na thermos ya chai.

"Usijifiche nyuma ya batu kama siku zote," aliniambia. "Wageni batazani uko kivuli."

Papa alivaa koti lake la ibada. "Bon, leo munaenda kuona ba-martyrs," alisema, kana kwamba niko darasa zima. "Baba zetu ya imani. Donc, andika muzuri."

Saa tatu tukapanda tram 93 pamoja na wageni. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi alikaa karibu nami. Jina lake Greta. Kifaransa chake ni cha polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kuchagua mawe, na mimi hapa nakigeuza Kiswahili. Aliniuliza naandika nini. Nikamwonyesha daftari bila kusema neno. Akacheka, akasema naye alipokuwa msichana alikuwa hasemi, na mama yake alifikiri ni bubu. Nikampenda hapo hapo.

Saa nne, Grand-Place. Huu ni uwanja mkubwa katikati ya jiji, umezungukwa na nyumba zenye dhahabu ukutani. Nimefika pale labda mara hamsini. Tulipiga picha pale siku ya komunyo ya binamu yangu, tukala gaufre, zile keki za vishimo, hadi tumbo likauma. Kiongozi wetu, Monsieur Luc, mwalimu wa historia aliyestaafu, alitusimamisha mbele ya meza za mkahawa na kusema kwamba hapa ndipo watu walipochomwa moto. Alinyoosha kidole chini, kwenye mawe, pale pale mhudumu alipokuwa anapanga viti.

Nilitazama viatu vyangu. Nilihisi kama nimekanyaga kitu.

Papa akakohoa. Nilijua swali lake, alikuwa amelifanyia mazoezi bafuni. "Monsieur Luc, babu za wageni wetu walishtakiwa kosa gani hasa?" Alitaka jibu liwe *imani*, kisha ageuke atutazame.

"Kubatizwa tena," alisema Monsieur Luc.

"Pardon?"

"Walibatizwa wakiwa wachanga, kama watu wote. Walipokua wakasema haikuwa kitu, wakabatizwa mara ya pili. Wakati mwingine kwa ndoo ya maji, sebuleni, mlango umefungwa. Kanisa lilisema hivyo ni uasi, na serikali ikasema vilevile. Wanaume moto. Wanawake mara nyingi kuzamishwa majini."

Wageni walitikisa vichwa polepole kukubali, wao walijua tangu utoto. Papa hakutikisa. Alisimama na mdomo wazi kidogo, mkono kwenye kifungo cha koti. Niliandika *kama Tonton Dédé*, nikayafuta maneno hayo, kisha nikaona aibu ya kuyafuta, nikayaandika tena. Nimewaachia kama yalivyo.

Saa sita kasoro, Haren. Tulikwenda kwa basi hadi huku pembezoni, ambapo jiji linaishia kwenye reli na ndege zinapita chini kabisa. Kuna mashamba yamebaki, machache. Monsieur Luc alisimama kando ya moja, lenye udongo mweusi uliolimwa karibuni. Alisema hakuna ajuaye ni shamba lipi hasa, lakini ni upande huu. Inasimuliwa kwamba mtumishi wa nyumbani, mwanamke, aliletwa hapa akafukiwa akiwa hai. Walianza miguuni. Kila walipoongeza udongo walimwuliza kama amebadili mawazo. Akasema hapana. Wakaongeza.

Ndege ikapita, na wote tukangoja imalize. Nilikuwa nahisi baridi ya udongo kwenye magoti yangu, ingawa nilisimama kwenye lami.

Ndipo nikasikia mtu anauliza, "Na udongo, nani alikuwa anautupa?" Kumbe ni mimi.

Papa aligeuka kunitazama. Monsieur Luc akatazama shamba. "Majina yao sijayaona popote," alisema. "Wenye makoleo. Watu wa kazi, nadhani. Waliambiwa tu."

Waliambiwa tu. Hilo nililiandika kwa herufi kubwa, sijui kwa nini wakati ule.

Saa saba tulikaa kwenye mabenchi karibu na kanisa la Haren, tukala. Wageni walizipenda beignets, mzee mmoja alikula tano. Papa hakula. Alikuwa anazungusha kikombe cha chai mkononi. Mwishoni akamwuliza Greta, kwa sauti ya chini, waliookoka walikwenda wapi.

"Uholanzi," alisema Greta. "Halafu Poland. Halafu Ukraine. Halafu kwetu. Kila mahali tulifika na Biblia na mbegu za ngano."

"Na mulipofika, mulikaa kwa amani?"

Greta alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Tulipofika tuligawanyika. Waliotoka Flanders, jimbo la hapa kwenu, huku, wengine kule. Ukihama kundi, wanakubatiza upya. Ukikosea, unatengwa. Tulikuwa hodari sana, Monsieur. Hakuna aliyekuwa anatuchoma tena, basi tukaanza wenyewe."

Kisha akasimulia habari za babu yake. Alitengwa kwa sababu alikwenda kusali na kundi lingine. Mkewe hakuruhusiwa kula naye. Basi bibi yake Greta akasogeza meza ndogo karibu na meza kubwa, akatandika kitambaa kimoja juu ya zote mbili, ili mgeni akiingia asione. Chini ya kitambaa, kati ya meza hizo, palikuwa na nafasi ya vidole viwili.

"Kazi yangu," alisema Greta, "ilikuwa kuchungulia chini kila chakula, kuhakikisha meza hazigusani. Nilikuwa na miaka saba. Niliifanya vizuri. Babu alikufa akiwa bado kwenye meza ile."

Nilikiona akilini kijimeza chetu cha plastiki, na mguu wake mmoja unaocheza, ambao mimi huukunjia kadibodi ili supu ya Tonton isimwagike. Hata nilikuwa najisifu moyoni kwa kadibodi ile. Nilidhani ni wema.

"Mimi pia," nilisema.

"Wewe pia nini?" aliuliza Greta.

"Kwetu, mimi ndiye naweka meza. Ya Tonton yangu. Alibatizwa mara mbili."

Mzee wa beignets tano alishusha ya sita. Greta hakunishika mkono wala nini, alinitazama tu kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao mahali pa mbali. Sikuthubutu kumtazama Papa.

Saa tisa, kurudi. Tuliagana na wageni kituoni. Kwenye basi Papa alikaa dirishani. Baada ya vituo vingi akasema, "Ulisema mbele ya wageni."

"Ndiyo, Papa."

"Bon."

Saa kumi na moja jioni, nyumbani. Tonton Dédé alikuwa amekwisha fika, anamchekesha Maman jikoni kuhusu baridi ya Canada: eti kule hata deni linaganda. Maman alisema niandae. Na hapa niwaambie ukweli: baada ya yote niliyoyasikia siku nzima, miguu yangu ilikwenda yenyewe balkoni, nikakishika kile kijimeza. Nilikuwa nimekiinua tayari nilipokiona mikononi mwangu. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka Haren.

Papa alikuwa mlangoni. Nikakirudisha chini, palipokuwa na matone ya mvua, nikapita mbele yake, nikaenda kuweka sahani ya nne, ya Tonton, kwenye meza kubwa.

Kwetu msichana ndiye anayewanawisha watu kabla ya kula, mnajua. Nilichukua birika na beseni. Papa akanipokonya birika, taratibu. Akamwendea mdogo wake, akasimama, kaka mkubwa na koti lake la ibada, akamwagia maji mikononi.

Tonton aliyatazama maji yakipita vidoleni. "Yaya," alisema, ndivyo anavyomwita kaka yake, "uko unanibatiza mara ya tatu?"

"Nyamaza, Dédé," alisema Papa. "Bugali inapoa."

Wao wawili wakala sahani moja.

Barua ya wazee bado ipo, na Jumapili Papa ataitwa kuulizwa. Sijui watamfanya nini. Mimi nilidhani anayetenga ni yule mwenye kalamu. Nimejifunza kwamba barua ya Papa isingefika popote bila mtu wa kubeba meza, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilimpa Papa aisome habari hii kabla sijaituma, nikifikiri atafuta nusu. Alikaa nayo muda mrefu. Alisahihisha mahali pamoja tu: kwenye idadi ya sahani za meza kubwa nilikuwa nimeandika tatu, akaandika nne.